Povu la Charambe

Mkurugenzi alitaka fataki.
Alitaka zulia jekundu pale Masaki,
maputo ya rangi ya kampuni, mshereheshaji mwenye suti inayometa,
na keki yenye umbo la mche wa sabuni.
Nikafungua daftari. Nikamuuliza:
"Jumatatu, wageni wakishaondoka,
nani atakuwa anakumbuka nini?"

Akatazama dirishani. Kiyoyozi kikajibu kwa niaba yake.

Mwaka jana nilikuwepo, mimi ndiye niliyeshika orodha ya wageni.
Pilau ilikuwa tamu. Watu walipiga picha na keki,
wakavaa kofia, wakabeba mifuko,
na mlangoni bwana mmoja, kashiba, akaniuliza taratibu:
"Samahani dada, kwani hii shughuli ilikuwa ya nini?"
Milioni arobaini na sita,
na swali lile ndiyo risiti niliyobaki nayo.

Kwa hiyo safari hii sikuanza na ukumbi.
Nilianza na miguu.
Wiki mbili Charambe, Kilungule, Chamazi,
mimi na Kalunde na ndoo yetu ya bluu,
tukikaa na wafua nguo, tukisuuza soksi zisizo zetu.
Maji ya visima kule yana chumvi.
Unasugua, unasugua, mkono unachoka,
sabuni inakatika kama maziwa yaliyochacha,
povu halitoki ng'o.
Mama Shukuru alikamua shuka, akasema bila kuniangalia:
"Mkileta sabuni inayoelewana na maji haya,
muziki kaeni nao."

Nikaiandika sentensi ile juu ya ukurasa,
nikaizungushia duara. Mkakati wote ulikuwa huo.
Yaliyofuata ni kufuta:
nikafuta fataki, nikafuta keki,
nikafuta hotuba tano, ikabaki moja ya dakika tatu,
nikafuta Masaki.
Mkurugenzi akatoa povu pale pale ofisini,
povu jingi kuliko la sabuni yake,
nami nikasubiri likauke.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, kando ya kisima cha Mzee Ngwali.
Mabeseni arobaini. Miche ya Tulizana. Maji yao wenyewe,
yenye chumvi yao wenyewe.
Nguo chafu kila mtu alete za kwake:
suruali za gereji zilizolewa oili, sare za shule,
shela moja ya harusi, sikuuliza.
Saa nne kasoro jenereta likakohoa, likafa.
Spika kimya. Mshereheshaji akanitazama kama yatima.
Nikamwambia: kunja mikono ya shati, chukua beseni.
Maana tulichokipanga hakikuwa ndani ya waya.
Kilikuwa viganjani, kikapanda taratibu hadi viwikoni,
cheupe, kizito,
na kelele iliyozuka pale haikuhitaji umeme.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini Bi Mwanakombo, aliyekwisha kufua mashuka manne mfululizo,
akafundua sarafu zake kwenye pindo la kanga:
"Mche mzima siuwezi. Nikatieni nusu."
Nusu haikuwepo.
Ilikuwepo bei, ilikuwepo nembo, ulikuwepo mpango wa mvua,
mpango wa polisi, mpango wa mtoto akipotea,
kurasa thelathini na moja, na nusu haimo.
Mkurugenzi akatikisa kichwa: jina litakatika katikati.
Kalunde akachomoa uzi kwenye upindo wa gauni lake,
akauzungushia mche, akavuta.

Jumatatu nikapita madukani.
Nusu kwa nusu zimepangwa juu ya makasha,
huku TULI, huku ZANA.
Mtoto kaagizwa: "Nipe Zana moja."
Muuza duka hakuuliza kitu.

Nikarudi ofisini, nikaongeza ukurasa wa thelathini na mbili.
Sijauandika neno.
Nimeubandika uzi.